Kutoka Katwe Hadi Rwenzori: Panga Lifaalo Milimani

Mvua ya Rwenzori hainyeshi kwa saa moja ikaondoka. Hudumu mchana kutwa, ikakatika kidogo, ikarudi usiku, na asubuhi majani yote ya bondeni huwa yanadondosha maji hata kama mbingu imetakata. Mtu apitaye njiani hulowa kwa majani kabla hajalowa kwa mvua. Katika unyevu wa namna hiyo panga jipya lililonunuliwa Kampala juzi, liking'aa kama kioo, huamka na madoa mekundu ubavuni baada ya usiku mmoja tu. Na mpini wake, ambao sokoni ulionekana kushikamana vizuri, huanza kucheza. Wapagazi wa Kikonzo wa bonde la Mubuku hulijua jambo hili tangu utotoni. Mgeni hulijua siku ya pili ya safari, na mara nyingine hulijua kwa damu.

Kwa sababu hiyo safari ya panga lifaalo milimani haianzii mlimani. Huanzia mbali upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 300, katika mtaa wa Katwe mjini Kampala.

MTAA WA NYUNDO

Katwe iko bondeni chini ya kilima cha Mengo, karibu na barabara iendayo Entebbe. Mwenye kuitafuta haulizi njia mara mbili, kwa maana sauti ya nyundo humwongoza. Hapa hutengenezwa malango ya nyumba, majiko ya makaa, sufuria kubwa za shule na kambi, mashine za kusagia mahindi, na vipuri vya magari ambavyo mwenye gari alikwisha kukata tamaa ya kuvipata. (Iko Katwe nyingine, ile ya ziwa la chumvi katika wilaya ya Kasese, lakini huko chuma hakipatani na hewa, kwa kuwa chumvi hukila upesi kuliko mvua.)

Miongoni mwa mafundi hao wamo wafua visu, shoka na mapanga. Malighafi yao ni springi za gari zilizovunjika. Haikuwa bahati kwamba mafundi waliichagua springi. Chuma chake kimetengenezwa ili kipinde chini ya mzigo wa lori na kurudi kama kilivyokuwa, mara elfu kwa maelfu, bila kukatika. Na hiyo ndiyo tabia itakiwayo kwa panga. Chuma kigumu mno hushika makali mazuri lakini hukatika au kumeguka kikigonga jiwe. Chuma laini mno hakivunjiki, ila makali yake hujikunja kama karatasi. Panga zuri liko katikati ya hayo mawili, na kazi yote ya mhunzi ni kulifikisha hapo.

Humfikisha hapo moto. Mhunzi hukitia chuma katika makaa mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, hukifua juu ya fuawe mpaka kipate umbo, kisha hukirudisha motoni kwa mara ya mwisho. Mafundi wengine hukijaribu kwa sumaku: chuma kikifika moto wa kiasi cha nyuzi 770 za sentigredi, sumaku haikishiki tena, na hapo fundi hujua kwamba karibu kitakuwa tayari kuchovywa. Hukichovya katika mafuta machafu ya injini. Maji hukipoza haraka mno, na chuma cha springi kikipozwa haraka mno huweza kupasuka. Baada ya kuchovywa panga huwa gumu kama glasi na halifai kwa kazi yoyote. Lingeanguka sakafuni lingeweza kukatika vipande viwili. Basi hupashwa moto tena, safari hii polepole, ilhali fundi akiutazama ubavu uliosuguliwa. Kwanza hutokea rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu. Fundi anayejua huiacha rangi ya majani makavu au kahawia kwenye makali, na kuiruhusu buluu ifike mgongoni, ili makali yawe magumu na mgongo uwe na unyumbufu.

Mnunuzi hawezi kuyaona hayo yote akisimama mbele ya meza ya kuuzia. Anachokiona ni mng'aro, na mng'aro ndio unaomdanganya. Si ajabu kumkuta askari kijana aliye likizoni, mwenye fedha za mshahara mfukoni na hamu ya kumpelekea mama yake zawadi, akilinyanyua panga lililosuguliwa hadi likaonyesha sura ya mtu.

"Afande, hilo ni zuri la kutundika ukutani," mfua chuma mzee humwambia. "Unalipeleka wapi?"

"Nyumbani, mzee. Kasese, huko juu milimani."

"Basi liache hapo. Chukua hili jeusi."

"Mbona hili jeusi lina bei zaidi, mzee?"

"Lina bei kwa sababu halitakurudisha kwangu."

JINA LILILOSAFIRI

Jambo moja dogo lastahili kutajwa kabla ya kuondoka Katwe. Waganda huliita panga "ejjambiya". Msikilizaji ajuaye Kiswahili cha pwani hulitambua neno hilo mara moja: ni jambia, ile silaha fupi iliyopinda ambayo watu wa Oman na Yemen huivaa kiunoni, mbele ya tumbo, kama alama ya heshima. Neno lilikuja bara pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Silaha yenyewe ikabaki pwani, na jina likapewa chombo cha kufyekea. Wala chuma hakikusubiri misafara. Bunyoro ilisifika kwa wahunzi na majembe yake muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kufika katika nchi za maziwa makuu.

Baadaye yalikuja mapanga ya viwandani. Yale yenye alama ya mamba, yaliyotengenezwa Birmingham huko Uingereza, yalienea Afrika Mashariki nzima hata watu wakawa wanaomba dukani "panga la mamba" bila kutaja jina la kiwanda. Alama hiyo imeigwa mara nyingi, hivi kwamba picha ya mamba peke yake si ushahidi wa kitu. Askari wa Afrika Mashariki nao walitembea na mapanga mbali sana na kwao: mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa, kwenye matope na mianzi, katika hali ambayo Mkonzo wa Rwenzori angeitambua kama ya kwao.

KULIKAGUA KABLA YA KULILIPIA

Panga la kiwandani hukatwa kutoka katika bamba la chuma lenye unene wa milimita 2 hadi 3. Ni jepesi, bei yake ni nafuu, na kwa majani, magugu na vichaka vichanga hakuna lililo bora zaidi, kwa sababu mkono hauchoki mapema. Panga la springi ni zito zaidi, na uzito wake umekusanyika mbele, karibu na ncha. Hilo ndilo la mianzi na matawi. Mtu wa shamba la mahindi atajitesa bure kwa kununua la pili. Mtu wa milimani ataharibu la kwanza katika juma moja.

Liwe la aina gani, lishikwe na kutazamwa kwa urefu wa mgongo wake, jicho moja likiwa limefumbwa, kama askari atazamavyo mtutu wa bunduki. Lililopinda litakwenda upande kila likitua. Kisha ligongwe kwa ukucha ubavuni huku likiwa limeshikwa kwa vidole viwili mahali pa mpini: lisilo na ufa hulia sauti ndefu, na lenye ufa hutoa sauti fupi ya kizito. Ncha iegemezwe juu ya ubao na panga lisukumwe kidogo mpaka lijikunje. Likirudi kuwa nyoofu ni jema, likibaki limepinda ni laini. Mwenye tupa mfukoni ailaze juu ya makali karibu na mpini na kuisukuma mara moja. Tupa ikiteleza kama juu ya glasi, chuma ni kigumu kupita kiasi na kitameguka. Ikizama kama katika sabuni, chuma ni laini. Ikiuma kwa shida, ndilo lenyewe. Muuzaji anayekataza majaribio haya amekwisha kumjibu mnunuzi.

Panga jipya kuwa butu si kosa. Mengi ya kiwandani huuzwa bila kunolewa, nayo huachiwa mnunuzi ayanoe apendavyo. Kosa huwa mpinini.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa kuwa macho yao hukaa kwenye bapa. Chuma cha panga yapasa kiendelee ndani ya mpini kwa urefu wake wote, nacho kionekane juu na chini kati ya mbao mbili, kimefungwa kwa ribiti 3 au zaidi. Panga ambalo chuma chake kinaishia katikati ya mpini, au limechomekwa kama jino, huweza kuchomoka likiwa hewani. Aliyelishika hubaki na mti mkononi. Chuma huenda kumtafuta aliye nyuma yake. Mipini ya plastiki ni safi na haiozi, lakini ikilowa maji na jasho huteleza. Wakonzo wengi huiondoa na kuweka mti wa mpera au wa mbuni wa zamani, miti migumu isiyopasuka upesi, kisha huzungushia ukanda uliokatwa kutoka katika mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Mpira huo hushika kiganja hata katika mvua. Mwisho wa mpini uwe na pembe iliyojikunja chini, ya kuzuia mkono usiteleze nje wakati wa kupiga.

Pamoja na panga hutakiwa kisu kidogo cha ala, chenye bapa la sentimita 10 hadi 12. Kisu cha kukunja ni kizuri mfukoni mwa karani. Milimani tope huingia katika kiungo chake, na siku moja kiungo hicho hulegea na kukifunga kisu juu ya vidole. Kisu kisichokunjwa hakina kiungo cha kulegea. Hukata kamba, humenya viazi, huchonga vigingi vya hema, na kikishafutwa hurudi katika ala yake kiunoni. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kwa kisu hiki, kwa kuwa hugusa chakula na hukaa katika unyevu. Kwa panga chuma cha kawaida ni bora, maana hunoleka kwa tupa ya bei ndogo mahali popote.

NJIANI, KATI YA MIGOMBA

Basi la Fort Portal hupitia Mityana na Mubende, na kadiri linavyokwenda magharibi ndivyo nchi inavyoinuka na kupoa. Karibu na Kyenjojo yanaanza mashamba ya chai, yamelala juu ya vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Fort Portal, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, iko chini ya ncha ya kaskazini ya Rwenzori. Kutoka hapo barabara hugeuka kusini kuelekea Kasese, milima ikiwa mkono wa kulia, aghalabu imefunikwa na mawingu hata abiria asiyeambiwa asijue kwamba nyuma yake kuna barafu.

Njia yote hiyo hupita katika migomba, na katika migomba panga lina hatia ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2001 uligunduliwa nchini Uganda, katika wilaya ya Mukono, ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria, ambao hapo kabla ulijulikana Uhabeshi. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na zikikatwa ndani huwa na rangi ya kahawia. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Ugonjwa huo umeenea katika nchi zote za maziwa makuu. Wadudu huusambaza kupitia maua, lakini mwenye shamba naye huusambaza kwa mkono wake mwenyewe: hukata jani katika mgomba mgonjwa, na kwa panga lile lile hukata jani katika mgomba mzima. Mama aliyemwazima jirani panga kwa wema huweza kulipokea pamoja na maangamizi ya shamba lake.

Dawa yake ni kulisafisha panga kila baada ya mgomba mmoja. Wataalamu wa kilimo hufundisha njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, iitwayo Jik madukani, ikichanganywa sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji. Hiyo huua bakteria, lakini huleta kutu, kwa hiyo jioni panga lioshwe kwa maji safi, likaushwe na kupakwa mafuta. Ya pili ni moto. Panga hupitishwa katika ndimi za moto mpaka liwe la moto kiasi cha kutoweza kuguswa, basi. Hapa wengi hupita mpaka: huliacha katika makaa mpaka likawa jekundu, wakidhani wamelisafisha zaidi. Wamelisafisha, ndiyo, lakini wamefuta kazi yote ya mhunzi wa Katwe kwa dakika chache, na panga hilo halitashika makali tena. Likianza kubadilika rangi, litolewe upesi.

Kuna adabu nyingine ya barabarani ambayo familia za polisi hazihitaji kukumbushwa. Katika miezi ya Julai na Agosti mwaka 2021 watu wengi, hasa wazee, waliuawa usiku kwa mapanga katika wilaya za eneo la Masaka. Tangu hapo mtu atembeaye jioni na panga tupu begani hutazamwa kwa jicho jingine, na haki yake ya kwenda shambani haimpunguzii jirani hofu. Ndani ya basi panga lifungwe katika gunia na kuwekwa pamoja na mizigo. Kijijini liwe ndani ya ala. Ala yenyewe haina gharama: mpira wa gurudumu uliokunjwa na kushonwa kwa waya.

CHINI YA MAWINGU

Bonde la Mubuku huingia milimani kaskazini ya mji wa Kasese. Kijiji cha Ibanda kimesambaa juu ya miteremko mikali, kahawa chini, maharage na mihogo juu, na mashamba mengine yamesimama wima hata mkulima hulima akiwa amejishikilia. Njia ya zamani ya kupanda huanzia Nyakalengija, kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari. Ndiyo njia aliyopita Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, mwaka 1906, alipofika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi kwa vichwa na migongo. Wajukuu wa wenyeji wa mabonde hayo ndio waongozao wageni hadi leo.

Rwenzori ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kati ya miaka ya 1997 na 2001 ilifungwa kwa sababu ya waasi wa ADF, na askari waliowafuatilia huko juu wanazikumbuka baridi na tope zake bila kusimuliwa. Ndani ya mbuga si ruhusa kwa mtu yeyote kukata miti apendavyo. Panga la mpagazi huko ni la kufungua njia iliyozibwa na miti iliyoanguka na mianzi iliyoinama, tena kwa idhini ya mbuga. Askari wa wanyama pori hulitumia kwa kazi nyingine yenye maana zaidi: kukata mitego ya nyaya iliyotegwa na majangili.

Ukanda wa mianzi uko kati ya mita 2,500 na 3,000, juu kidogo ya kambi ya Nyabitaba, baada ya daraja la mahali ambapo mito ya Mubuku na Bujuku hukutana. Hapa ndipo panga hujaribiwa. Mwanzi ni mgumu nje na mtupu ndani. Panga butu huruka juu yake na kurudi kwa mshikaji. Mpigaji husimama mguu mmoja mbele, lakini si ule ulio upande wa pigo, ili panga likipita bila kukata liishie hewani au ardhini, wala lisiishie kwenye muundi wa mguu wake. Pigo huenda chini kwa mshazari, kwa sababu pigo la mlalo hugonga ganda tu.

Lakini pigo la mshazari huacha ncha kali kama mkuki, na hilo ni jambo ambalo kijana hufundishwa mara moja na kukumbushwa siku zote. Kisiki cha mwanzi kilichochongoka, kikifichwa na majani na tope, hupenya kiatu cha mpira na unyayo pamoja. Kwa hiyo baada ya kuuangusha mwanzi mpagazi mzoefu huinama na kukisawazisha kisiki karibu na ardhi, juu tu ya pingili. Ni kazi ya pigo moja la ziada. Anayeiacha hajali ajaye nyuma yake.

Wafyekaji huachana hatua 3 au zaidi. Hakuna anayemrushia mwenzake panga ng'ambo ya kijito. Huwekwa chini, na mwingine huliokota. Mtu akiteleza akiwa na panga mkononi hulitupa upande wa bondeni mbali na wenzake, wala halishikilii, kwa kuwa panga hupatikana tena na tumbo halipatikani. Maneno haya husemwa na wazee kwa vijana bila kupamba: "Mwanangu, liache liende."

Kunoa hufanywa asubuhi kabla ya kuanza na jioni kabla ya kula. Panga hulazwa juu ya gogo, makali yakielekea upande wa pili, na tupa yenye mpini wake husukumwa upande mmoja tu, kutoka kisigino cha panga hadi nchani. Makali ya panga hayafanywi membamba kama wembe, yatajikunja; yawe na mgongo kidogo, mfano wa patasi. Kisu kidogo ndicho kinolewacho kwembamba, juu ya kinoo chenye maji. Wapo wapelekao mapanga yao katika mashine ya umeme mjini ili kuokoa muda. Mashine hiyo hutoa cheche nyingi na makali mazuri ya siku moja. Ukingo ukigeuka buluu kwa joto, tayari umelainika. Na linalodhaniwa kuwa salama kwa sababu ni butu ndilo lijeruhilo zaidi, kwa maana mtu hulipiga kwa nguvu zake zote na halijui kutua.

Kuhusu jeraha, milimani halina haraka ya gari. Aliyejikata karibu na kambi ya Bujuku, mita 3,900 na zaidi, yuko mbali na barabara kwa mwendo wa siku mbili kwa mtu mzima mwenye miguu miwili mizuri. Kitambaa safi hukandamizwa juu ya jeraha kwa mkono, kwa nguvu, dakika 10 kamili bila kufunua kutazama, na kiungo huinuliwa juu. Damu nyingi husimama kwa njia hiyo. Udongo, majani yaliyotafunwa na unga wa kahawa visiwekwe juu ya jeraha. Wengi huamini kwamba pepopunda huletwa na kutu. Huletwa na vijidudu vya udongoni, na panga linalong'aa lililogusa udongo huweza kuvipeleka ndani sawasawa na lenye kutu. Kinga yake ni chanjo, nayo hutolewa katika zahanati kabla ya safari.

Jioni, wapagazi warudipo Nyakalengija na kuitua mizigo, wageni hukimbilia chai. Mzee wa msafara huenda kwanza mtoni. Hulisugua panga kwa mchanga na majani, hulikausha kwa shati lake, huchukua kipande cha kitambaa kilicholowa mafuta ya kupikia na kukipitisha mara mbili kila upande, kisha hulibeba mpaka nyumbani na kulichomeka juu ya boriti, upande wa moto, mahali ambapo moshi hufika na mkono wa mtoto haufiki. Ala huachwa nje ikauke peke yake, kwa kuwa panga lililolala katika ala yenye maji huamka na kutu.